Mashine ya sukari ya nyumbani na kipimo cha hospitali vinapingana: tuamini kipi?

#1 Mwana wa Nansio
Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe, na ana kisukari cha aina ya pili. Anatumia vidonge vya metformin pamoja na sindano ya insulini usiku. Mwaka huu aliandikishwa katika mpango wa kliniki moja ya jijini Mwanza ambao unampa mgonjwa mashine ya kupimia sukari iliyounganishwa na simu. Akijipima, majibu yanaingia kwenye programu, programu inayatuma kliniki, na muuguzi akiona hatari anapiga simu. Kwa mtu anayelazimika kuvuka ziwa ili kumwona daktari, jambo hili lilitufurahisha sana.

Shida ni kwamba wastani wa vipimo vyake vya nyumbani ni 11.8, na programu inamwandikia kila mara kwamba sukari haijadhibitiwa. Alipovuka kuja Mwanza akapimwa HbA1c, kile kipimo cha maabara cha sukari ya miezi michache iliyopita, majibu yalikuwa asilimia 6.3, ambayo daktari aliyasifu. Sasa muuguzi wa programu anapendekeza insulini iongezwe, daktari anafikiria kuipunguza, na mama anatuuliza sisi watoto wake amsikilize nani. Naomba mwenye ujuzi atufafanulie.

#2 Mvukaji
Mashine ndiyo mbovu. Fuateni hospitali.

#3 Maabara Nyamagana
Ndugu Mvukaji, tusiihukumu mashine upesi hivyo, kwa sababu vipimo hivi viwili havipimi kitu kimoja. Mashine ya nyumbani inapima glukosi iliyomo kwenye tone la damu kwa dakika ile. HbA1c inapima glukosi iliyojishikiza kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, majibu yake yanaeleza hali ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Asilimia 6.3 inalingana na wastani wa karibu 7.4 mmol kwa lita.

Kutoka 7.4 hadi 11.8 ni pengo kubwa mno. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Asilimia 15 ya 7.4 ni 1.1 tu. Kwa hiyo kasoro ya kawaida ya mashine haitoshi kueleza hali hii.

Mwana wa Nansio, tueleze: mama anajipima saa ngapi, vidole anavisafisha kwa kitu gani, na stripi, yaani vile vijikaratasi vinavyopokea tone la damu, anaziweka wapi?

#4 Mwana wa Nansio
Shukrani. Mama ananunua dagaa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, alfajiri mitumbwi inaporudi, kisha anawaanika. Hujipima akisharudi nyumbani, kabla ya chai, na wakati mwingine jioni. Vidole anavipangusa kwa pamba yenye spiriti, kama alivyoelekezwa. Stripi ziko kwenye rafu ya jikoni, karibu na jiko la mkaa.

#5 Shangazi wa Kirumba
Spiriti peke yake haitoshi, wanangu. Mimi nina kisukari na ninauza matunda. Siku moja nilijipima nikiwa kibandani baada ya kumenya maembe, nikapangusa kidole kwa spiriti, mashine ikaonyesha 14. Nilishtuka. Binti yangu akanimiminia maji, nikanawa kwa sabuni, nikakausha vizuri na kutoboa tena kidole kile kile, ikaja 8 na kitu. Utomvu wa embe ulikuwa ungali kwenye ngozi, kando ya kucha. Tangu hapo nina dumu la maji chini ya meza kwa ajili hiyo tu.

#6 Maabara Nyamagana
Aliyoyasema Shangazi ni kweli, na yamethibitishwa kitaalamu: baada ya kumenya matunda, kupangusa kwa spiriti hakuondoi sukari yote kwenye ngozi, lakini kunawa kwa maji kunaiondoa. Hata hivyo, mama wa Nansio anashika dagaa. Dagaa hawana sukari ya kumfikisha mtu 11.

#7 Mfamasia wa Igoma
Mimi naishuku rafu ya jikoni. Stripi ina kimeng'enya ambacho kinaharibiwa na joto na unyevu, na ndiyo maana kopo lake lina kifuniko kinachobana pamoja na kikaushio ndani. Nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Karibu na jiko la mkaa, pembeni mwa ziwa, kopo likifunguliwa na kufunguliwa, siwezi kuziamini. Kuna jambo lingine ninaloliona dukani: watu hununua stripi chache chache zilizomiminwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kopo zima hawalimudu. Tafadhali mwulize mama kama stripi zake hazijawahi kuhamishwa kutoka kwenye kopo lake.

#8 Mwalimu wa Sengerema
Pamoja na heshima kwa wataalamu, mimi naona tunahangaika na stripi wakati dawa iko wazi. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025. Mama avuke kila mwezi, apimwe hospitalini, mashine na programu vibaki kabatini.

#9 Kijana wa Ukara
Mwalimu, wewe daraja limekufikia mlangoni, ndiyo maana unataka kulipitisha kila mtu. Kigongo na Busisi ni njia ya Sengerema na Geita. Mtu wa Nansio anapanda meli kuja Mwanza, au anazunguka kwa kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya na kupitia Bunda. Sisi wa Ukara tuna kivuko kingine kabla ya hapo, na kila anayekumbuka Septemba 2018, MV Nyerere ilipozama, anaelewa kwa nini mzee hapendi kuambiwa avuke kila mwezi kwa sababu ya kipimo cha dakika moja. Kipimo cha mbali kina thamani kwetu. Tunachotaka ni kiwe sahihi.

Nina swali kwa Mwana wa Nansio. Saa iliyomo ndani ya mashine ya mama ilipangwa na nani? Baba yangu mdogo alipewa mashine ya aina hiyo, na kijana aliyempangia saa aliandika kama tunavyozihesabu sisi. Alfajiri ya saa kumi na moja ikaandikwa 11:00. Programu ikaamini kwamba anajipima karibu na adhuhuri, ikayaweka majibu yake ya kabla ya kula kwenye fungu la baada ya kula.

#10 Mwana wa Nansio
Nimempigia mdogo wangu aliye naye sasa hivi. Ni kweli. Mashine inasema 3:40, na hapa ni saa tatu na dakika arobaini usiku.

#11 Maabara Nyamagana
Kijana wa Ukara amegusa jambo zito, lakini tulipime vizuri. Saa ikikosewa, wastani haubadiliki, 11.8 inabaki 11.8. Kinachobadilika ni maana ya kila namba. Sukari ya 9 saa mbili baada ya chakula haimtishi daktari, ilhali 9 ya asubuhi kabla ya kula inamfanya afikirie insulini ya usiku. Muuguzi anayesoma kwenye kompyuta hana njia ya kujua kwamba saa imepotoka.

#12 Mwanafunzi wa Tiba
Wote mmeanza kwa kuishuku mashine. Mimi ningeomba tuishuku pia HbA1c. Kipimo hicho kinategemea chembe nyekundu ziishi muda wake wa kawaida. Zikifa mapema, hazipati muda wa kukusanya glukosi, na majibu yanashuka hata kama sukari iko juu. Ukanda huu wa Ziwa una malaria na una seli mundu kwa wingi. Kwa mgonjwa wa seli mundu mwenyewe, HbA1c haifai kabisa. Hata mtu aliyerithi jeni moja tu, ambaye haumwi wala hajui kama analo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wenye asili ya Afrika ulionyesha kuwa kwa sukari ile ile HbA1c yake inasoma chini kwa takriban 0.3. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao unaishusha, na kwa wanaume kwa kiasi kikubwa zaidi.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ile 6.3 iliyosifiwa ndiyo inayodanganya.

#13 Mfamasia wa Igoma
Lakini 0.3 haizibi pengo la kutoka 6.3. Wastani wa 11.8 ungehitaji HbA1c ya karibu asilimia 9.

#14 Mwanafunzi wa Tiba
Sawa, jeni moja halizibi. Hata hivyo ongeza upungufu wa damu. Kichocho cha tumbo kimeenea mialoni, minyoo ya safura ipo, malaria ipo. Damu ikiwa nyepesi, mashine nyingi za nyumbani husoma sukari juu kuliko ilivyo, kwa sababu tone lina chembe chache na majimaji mengi. Wakati huo huo, ikiwa damu imepungua kwa kuwa chembe zinavunjika mapema, HbA1c inashuka. Yaani ugonjwa mmoja unaweza kuisukuma mashine juu na kuivuta hospitali chini, na ukweli ukawa katikati. Upungufu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, kwa upande mwingine, mara nyingi huipandisha HbA1c, ndiyo maana haifai kukisia. Apimwe wingi wa damu.

#15 Shangazi wa Kirumba
Mwanafunzi, ukimaliza masomo ubaki Mwanza. Usikimbilie Dar es Salaam.

#16 Muuguzi wa Zamu
Nimesoma kimya tangu mwanzo kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaokaa upande wa pili wa programu za aina hii, ingawa si ya kliniki inayozungumzwa. Kwanza kabisa: mama asiongeze wala kupunguza insulini kwa ushauri wa jukwaa. Insulini ikiongezwa kwa mtu ambaye sukari yake halisi ni 7, anaweza kushuka usiku akiwa amelala, na kisiwani usiku msaada haufiki haraka. Akitokwa jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, apewe kitu chenye sukari papo hapo, ubishi wa vipimo uje baadaye.

Pili, mjue tunachokiona. Tunaona safu za namba zenye rangi. Nyekundu zikiwa nyingi, tunapiga simu kwa kufuata ukubwa wa namba, si kwa kufuata nani anaumwa zaidi. Hakuna mahali panaponiambia kwamba mama huyu ameamka saa tisa kusubiri mitumbwi, kwamba hakulala, kwamba tayari alikunywa uji mwaloni kabla ya "kifungua kinywa". Maswali mliyomwuliza hapa kwa jioni moja ndiyo ambayo programu haina nafasi ya kuyaandika.

Ninapenda sana ule mfano wa Kenya wa wagonjwa wa VVU kukumbushwa kumeza dawa kwa ujumbe wa simu, matokeo yake yalikuwa mazuri na simu zilikuwa za kawaida tu.

#17 Msomaji wa Capripoint
Nakubaliana nawe, ila nirekebishe jambo moja, maana ndilo lenye uzito. Utafiti huo, uliofanyika Nairobi na Kajiado na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010, haukuwakumbusha watu kumeza dawa. Ulikuwa na wagonjwa 538. Waliopangwa kwenye kundi la ujumbe walitumiwa neno moja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwamba yuko sawa au ana shida, na aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Walioshika dawa vizuri walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo na asilimia 50 katika kundi lingine. Virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48. Hakukuwa na mashine wala mchoro wa rangi. Kulikuwa na mtu aliyeuliza na mtu aliyesikiliza jibu.

#18 Fundi wa Programu
Msomaji, mfano huo ni mzuri, lakini VVU na kisukari haviendi sawa. Kumeza kidonge ni ndiyo au hapana. Insulini inahitaji namba, na neno "mambo" halimwambii muuguzi kama sukari ni 4 au 14. Mimi hutengeneza mifumo ya namna hii, na naona kosa limekaa kwenye usanifu. Saa ya mashine ilipaswa kurekebishwa na mtandao yenyewe. Simu ya kitochi ilipaswa kufikiwa kwa menyu ya nyota na reli, pasipo bando. Na ilipaswa kuwepo swali moja kila baada ya kipimo: "Hiki ni kipimo cha nani?"

Mwana wa Nansio, jambo hili la mwisho nakuuliza kwa uzito wote. Je, mashine hiyo inatumiwa na mama peke yake?

#19 Tumaini
Wakati tunasubiri jibu, niongeze upande wa siri. Mimi ni mteja wa CTC, kliniki ya matunzo na dawa za VVU, na ninavua samaki. Simu kambini ni ya watu watatu. Ujumbe uliotumwa kwa nia njema, wenye jina la kliniki juu yake, ulisomwa kwa sauti na mwenzangu mbele ya watu. Kwangu mimi, kilichonisaidia zaidi ya programu yoyote ni kupewa dawa za miezi mingi kwa mkupuo, nikaweza kwenda kambi ya mbali pasipo kuvunja tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Wanaotengeneza mifumo hii waisome kabla ya kuchagua maneno ya ujumbe.

#20 Mwana wa Nansio
Pole sana Tumaini, na asante kwa kusema.

Fundi, nimemwuliza mama mwenyewe. Amejibu kwa utulivu kabisa kwamba jirani yake ana kisukari na hana mashine, hivyo huja kujipima, na dada yake naye akija kutoka Murutunguru hujipima. "Nitawanyimaje?" ndivyo alivyosema. Kwa hiyo ndani ya ile 11.8 kuna watu watatu, na hatujui vipimo vipi ni vya nani.

#21 Mvukaji
Basi tumemaliza. Jirani ndiye mwenye 11.8.

#22 Maabara Nyamagana
Hatujamaliza. Huenda ni jirani, lakini stripi bado ziko karibu na jiko, na damu ya mama bado haijapimwa. Sababu hizi hazifukuzani. Zinaweza kuwepo zote kwa pamoja. Ninachopendekeza ni hiki: akivuka tena, aje na mashine yake na kopo lake la stripi. Achukuliwe damu ya mshipani, na muda huo huo atobolewe kidole apimwe kwa mashine yake, majibu yalinganishwe. Apimwe picha kamili ya damu. Maabara ikiwa na uwezo wa kupima fruktosamini, apimwe pia, kwa kuwa kipimo hicho kinaangalia protini za damu kwa wiki mbili au tatu zilizopita na hakitegemei himoglobini.

#23 Mama wa Misungwi
Nina mtoto mwenye seli mundu, na maneno ya Mwanafunzi yamenigusa. Sisi wazazi tuna kundi la WhatsApp. Halina usanifu wowote, lakini usiku mtoto akipata homa, ukiandika hapo, mzazi mwenzako aliye macho anakwambia usisubiri asubuhi, mpeleke sasa. Nimewahi kujaribu programu ya kurekodi maumivu ya mtoto kwa alama ya moja hadi kumi. Niliiacha. Mtoto akiwa kwenye maumivu, mikono yangu inamkanda, haishiki simu.

#24 Mwalimu wa Sengerema
Hilo nalikubali pasipo ubishi. Ila bado nauliza kuhusu gharama. Mpango wa mashine ukiisha muda wake, nani atanunua stripi? Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na shinikizo la juu la damu kwa karibu asilimia 26. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Kama stripi za nyumbani hazitaingizwa kwenye kitita, mama na jirani wote wawili watabaki na mashine isiyo na kazi.

#25 Mfamasia wa Igoma
Mwalimu, hapo tuko pamoja. Na jirani anayekuja kuazima mashine tayari ametupa jibu la nani anazihitaji.

#26 Muuguzi wa Zamu
Naomba jirani huyo asiachwe. Kama kweli vipimo vya juu ni vyake, basi kuna mgonjwa Nansio mwenye sukari ya hatari ambaye hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Na tafadhali, kila mtu atumie sindano yake ya kutobolea kidole, pamoja na kishikio chake. Wasiazimane hata kama ni ndugu.

#27 Mwana wa Nansio
Mama anavuka wiki ijayo pamoja na jirani. Stripi zimeshahamishwa chumbani na saa imerekebishwa. Muuguzi wa kliniki nimemweleza yote kwa simu, na amekubali insulini ibaki ilivyo hadi vipimo vitoke. Ila ameniambia kwamba vipimo vilivyokwisha kuingia kwenye mfumo hawezi kuvifuta wala kuvitenganisha.

#28 Fundi wa Programu
Kuvifuta si sahihi, kwa sababu ni kumbukumbu ya mgonjwa. Vinapaswa kuwekewa alama kwamba havina uhakika, na wastani uhesabiwe upya kuanzia tarehe ya marekebisho. Kliniki imwandikie aliyetengeneza mfumo.

#29 Kijana wa Ukara
Na wagonjwa wengine wa mpango huo huo, ambao hawana mtoto wa kuuliza jukwaani? Saa zao zilipangwa na nani?